Siku Tatu Kwenye Ziwa Lisilo na Injini



Wiki hii siandiki kuhusu viwavijeshi wala mbolea. Tangu niliporudi kutoka mafunzoni Marekani mwaka 2023, wengi mmekuwa mkiniuliza, "Afisa, huko ulikokwenda uliona nini cha kutufaa sisi?" Nimekuwa nikijibu habari za mahindi, maana ndiyo yaliyonipeleka. Lakini kilichonikaa zaidi moyoni hakikuwa cha shambani. Kilikuwa cha ziwani, siku tatu za mwisho wa Agosti, mbali na barabara na mbali na simu. Sijakiandika mpaka leo kwa sababu kinagusa msiba wa nyumbani kwetu. Sasa nakiandika kwa sababu juzi nilisimama mwaloni nikaona mtumbwi ukiondoka umejaa hadi maji yanalamba ukingo, na hakuna aliyesema neno. Hata mimi sikusema.

Soma taratibu. Mwishoni nimeweka mambo sita ya kufanya, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili.

Nilikofika

Jimbo la Minnesota liko kaskazini mwa Marekani, linapakana na Canada. Ukitoka mji mkubwa wa Minneapolis unaendesha gari kama saa nne kwenda kaskazini, unafika mji mdogo uitwao Ely, wenye watu wapatao elfu tatu tu. Ukiendelea kama kilomita 30 mashariki yake, barabara inakwisha na maji yanaanza. Pori hilo linaitwa Boundary Waters, maana yake maji ya mpakani. Lina zaidi ya ekari milioni moja na maziwa zaidi ya 1,100, makubwa kwa madogo, yaliyochongwa na barafu nene iliyofunika nchi ile zama za kale.

Ndani ya pori hakuna duka wala umeme. Sehemu kubwa ya maji yake injini hairuhusiwi. Unaingia kwa mtumbwi na kasia, na pale ziwa moja linapotenganishwa na jingine kwa nchi kavu, unaubeba mtumbwi begani, unapita msituni, unaushusha upande wa pili. Kwa karibu nusu ya mwaka maziwa hayo huwa yameganda, watu wanatembea juu yake kwa miguu. Kwa hiyo msimu wa kasia ni mfupi, na kila anayeupenda huusubiri kama sisi tunavyosubiri vuli.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 71. Nilimwita Mzee, na alipojua maana yake alifurahi, akasema kwao neno la namna hiyo hawana. Tulikwenda yeye, binti yake na mimi, mtumbwi mmoja wa watu watatu. Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, nikajiona fundi wa maji. Nilijifunza mapema kwamba fundi wa maji ni yule anayejua ni siku gani asiingie.

Kabla ya kugusa maji

Jambo la kwanza halikuwa ziwani, lilikuwa dukani. Ely inaishi kwa biashara ya wageni wa maziwa. Kuna maduka yanayokodisha mitumbwi, mahema, makasia na mapipa ya chakula, na ndiko pia unakochukua kibali. Kibali cha kulala porini kati ya Mei na Septemba hutolewa kwa idadi maalumu: kila lango la kuingilia lina idadi yake ya makundi kwa siku, na ikijaa, imejaa. Mwaka ule mtu mzima alilipa dola 16 kwa safari, na ada ndogo ya kuweka nafasi. Kundi halizidi watu 9 na vyombo 4.

Kabla ya kukabidhiwa karatasi ile, tulioneshwa filamu fupi ya masharti na kuulizwa maswali. Mzee ameingia pori hilo zaidi ya miaka arobaini, lakini aliketi akatazama kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha karatasi ikaandikwa: jina la kiongozi wa kundi, lango la kuingilia, tarehe, na idadi ya watu. Watatu.

Halafu Mzee akafanya jambo ambalo sharti halikumlazimisha. Alichora njia yetu kwenye nakala ya ramani, akaandika siku na saa ya kurudi, akaiacha kwa mkewe. Akamwambia, "Tusipofika Jumapili jioni, piga simu kwa polisi. Uwaambie tuko watatu."

Nilitoka nje nikasimama kidogo peke yangu. Nitakuambia kwa nini.

Desemba 2009 mdogo wangu alikuwa akifanya biashara ya nyanya. Alikuwa akinunua bara na kuuza visiwani siku ya gulio. Asubuhi ile upepo ulikuwa umeanza, lakini gulio halimsubiri mtu, na nyanya ukizilaza siku mbili zinakuwa hasara. Mtumbwi ulikuwa na matenga mengi na watu ambao hakuna aliyewahesabu. Ulipinduka. Wavuvi waliokoa waliowaona. Jioni yake mwaloni tulianza kuulizana: walikuwa kumi? Kumi na watatu? Mmoja anasema alimwona fulani akipanda, mwingine anasema alishuka. Kwa siku mbili familia moja ilikuwa inamtafuta kijana wao mjini, hawakujua kabisa kwamba alikuwamo. Mdogo wangu tulimpata siku ya tatu.

Ajali kubwa tunazikumbuka kwa tarehe. MV Bukoba, Mei 21, 1996. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu na Ukara. Mitumbwi ya nyanya na dagaa haina tarehe isipokuwa nyumbani kwa waliofiwa. Ndiyo maana neno lile la "uwaambie tuko watatu" lilinishika koo.

Ziwa la Kwanza, la Pili, la Tatu

Maziwa tuliyopita yana majina rahisi kuliko yote duniani: Lake One, Lake Two, Lake Three, Lake Four. Yaani Ziwa la Kwanza, la Pili, la Tatu, la Nne. Nadhani aliyeyapa majina alikuwa amechoka.

Kila mmoja wetu alivaa jaketi okozi kabla hajakanyaga mtumbwi. Sheria ya Minnesota inataka jaketi moja kwa kila aliye chomboni, na mtoto aliye chini ya miaka 10 lazima alivae chombo kikiwa safarini. Mzee na mimi sheria haikutulazimisha kuyavaa, ilitosha yawemo. Nikataka kuliweka langu chini ya kiti kwa sababu ya joto. Mzee hakunifokea. Alisema tu, "Likiwa chini ya kiti, mtumbwi ukipinduka litaokoa kiti." Nikalivaa.

Kutoka Ziwa la Kwanza kwenda la Pili tulibeba mtumbwi mara mbili, mwendo mfupi wa mita mia na zaidi kila mara. Mtumbwi wao hauchongwi kwenye gogo. Umetengenezwa kwa nyuzi ngumu ziitwazo kevla na una kilo ishirini na kitu. Mtu mmoja anaugeuza kichwani kama anayejikinga mvua kwa ungo, anakwenda. Binti yake Mzee aliubeba mara ya kwanza, mimi mara ya pili. Njiani tukakutana na kundi linalotoka, tukapishana, tukasalimiana, na wao wakatuambia maji ya mbele yakoje. Hilo nalo nililiweka akilini: anayetoka humpa habari anayeingia.

Wanyama tuliowaona ni wachache, lakini kila mmoja alikuwa na lake. Kuna yule wanayemwita musi, wa jamii ya kulungu ila mkubwa kuliko ng'ombe wetu wa kienyeji, anayeingia majini hadi kifuani kula majani. Tulimwona mmoja alfajiri, maji yakimtiririka kidevuni. Kuna biva, mnyama wa jamii ya panya anayekata miti kwa meno na kujenga lambo la matope na matawi kuliko mafundi wengi niliowahi kuwasimamia. Kuna dubu mweusi, ambaye hatukumwona, na hiyo ndiyo ilikuwa nia. Usiku chakula chote, hata dawa ya meno, huning'inizwa juu ya mti au hufungiwa kwenye chombo ambacho dubu hawezi kukifungua. Dubu akizoea chakula cha watu harudi kuwa dubu wa kawaida, na mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi. Kosa ni la mtu, anayelipa ni mnyama.

Na kuna ndege wa majini aitwaye luni, mweusi mwenye madoa meupe mgongoni. Usiku wa kwanza alilia ng'ambo ya ziwa kwa sauti ndefu, nikaamka nikidhani ni mtu anaita msaada. Nilikaa nje ya hema mpaka nilipoisikia mara ya tatu ndipo nikaamini ni ndege.

Upande wa Ziwa la Tatu msitu ulikuwa mfupi, miti ya umri mmoja kama shamba lililopandwa siku moja. Mwaka 2011 radi iliwasha moto uliochoma zaidi ya ekari 90,000 za pori lile. Kuna aina ya msonobari wa huko ambao matunda yake yamezibwa kwa utomvu, na joto la moto ndilo huyafungua yamwage mbegu. Miti ile mifupi ilizaliwa na moto ule. Tafadhali usilichukue hili kuwa ruhusa ya kuchoma pori. Miti yetu mingi haina utaratibu huo, na nyuki wako hawana kabisa.

Ruba dukani, nyungunyungu kwenye pipa

Sasa tuje kwenye uvuvi. Chambo kinachopendwa kule, nanyi mtacheka, ni ruba. Ni ndugu wa ruba hawa tunaowabandua miguuni kwa chumvi. Wanauzwa dukani, hai, ndani ya chombo chenye maji, na watu wanapanga foleni. Nilijiuliza ni mashamba mangapi ya mpunga kwetu yana utajiri huu tunaoukimbia.

Binti yake Mzee yeye alinunua nyungunyungu. Tulipomaliza kuvua jioni, walibaki kama kumi. Mimi, afisa ugani niliyewafundisha ninyi kwamba nyungunyungu ni rafiki wa udongo, niliwachukua nikawamwaga msituni nikijua nafanya hisani.

Yule binti akashtuka. Akapiga magoti, akaanza kuwaokota mmoja mmoja kwenye majani makavu, akawarudisha koponi. Akanieleza. Msitu ule ulikua baada ya barafu kuyeyuka, na haukuwa na nyungunyungu. Wale wa leo waliletwa na watu, wengi wakitokea Ulaya. Wakiingia msituni wanakula upesi tabaka la majani makavu ambamo mbegu na miche ya porini hustawi, udongo unabaki mtupu. Kwa hiyo chambo kilichobaki hurudi nacho nyumbani, kikatupwa kwenye pipa la taka.

Niliona haya, lakini niliondoka na somo ambalo sikulipata darasani: kitu chema mahali pamoja ni tauni mahali pengine. Na sisi tulikwisha kuliona. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likapendwa kwa ua lake zuri la zambarau, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria. Unajua mwenyewe lilivyoziba mialo. Kule kabla ya kuhamisha mtumbwi kutoka ziwa moja kwenda jingine kwa gari, sheria inataka utoe majani yote na kumwaga maji yote. Kazi ya dakika tano.

Samaki sita, na mama yao

Samaki wanayemtaka zaidi anaitwa woliai. Macho yake hung'aa gizani, nyama yake ni nyeupe na tamu kama ya sangara mdogo. Wakati ule mtu mwenye leseni aliruhusiwa sita, na katika hao asizidi mmoja mwenye urefu wa zaidi ya inchi 20, kama sentimita 50. Na kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Mei, maziwa ya ndani ya jimbo hufungwa kwa samaki huyo ili azae.

Tulivua watano. Wa nne alikuwa mkubwa, nikapiga kelele za furaha. Mzee alimpima kwenye ukingo wa mtumbwi, akamshika majini kwa mikono miwili mpaka alipojitikisa, akamwachia. Nilimtazama kama mtu aliyetupa fedha. Sheria ilimruhusu kumchukua. Akasema, "Huyo ni mama. Wale wadogo wawili ni chakula cha jioni, huyu ni chakula cha miaka kumi."

Ninyi wafugaji mnamwelewa. Hakuna mwenye akili anayempeleka machinjioni ng'ombe anayezaa kila mwaka, akabaki na ndama asiyejulikana ataishi. Lakini kwenye maji, kwa sababu hatumwoni mama akiwa zizini, tunasahau.

Wale tuliobaki nao tuliwakaanga juu ya mwamba. Nilikuwa nimenunua unga wa mahindi Ely, nikasonga ugali. Ulikuwa wa njano na wa chenga chenga, lakini ulikuwa ugali. Mzee alikula kwa mkono, akaunguza vidole, akaomba tena.

Upepo

Siku ya tatu ilikuwa ya kurudi. Tuliamka, tukafunga hema, tukachukua taka zote, hata mfupa wa embe kavu nilioutupa jana yake, maana Mzee aliuona. Kule makopo ya chakula na chupa za kioo haviruhusiwi kabisa kuingia, kwa sababu walijua kwa miaka mingi kwamba vikiingia havitoki.

Saa nne asubuhi tukafika mahali pa kuvuka Ziwa la Tatu. Si ziwa kubwa. Unaona miti ya ng'ambo. Lakini upepo ulikuwa umegeuka na mawimbi yana vichwa vyeupe. Tulijaribu. Hatukufika mbali. Wimbi moja likamwaga maji mapajani mwangu, la pili likatusukuma ubavu, na mimi niliyezaliwa ziwani nikaanza kupiga kasia kwa nguvu za hofu, bila mpango. Mzee alisema neno moja tu: "Tunarudi." Akageuza pua ya mtumbwi, tukapakia maji kidogo zaidi, tukafika kwenye mwamba tulikotoka.

Tukakaa. Saa tano, saa sita, saa saba. Nikamwambia Mzee kwamba kesho nina mtihani wa mwisho wa mafunzo, tena unaanza asubuhi. Akaniuliza, "Na kesho kutwa utafanya nini?" Sikuwa na jibu. Akachemsha chai.

Nilikuwa na saa sita za kukaa juu ya mwamba ule. Nikamwaza mdogo wangu na nyanya zake. Tulipomzika nilikuwa nimemlaumu nahodha. Miaka yote ile nilikuwa namlaumu nahodha. Pale kwenye mwamba ndipo nilipokiri kwamba sisi wenyewe tungemcheka kama angerudi na matenga yaleyale na kusema, "Nimeogopa upepo." Mimi mwenyewe ningemcheka. Kwetu anayevuka anaitwa dume, anayesubiri anaitwa mwoga, na biashara inampenda anayevuka.

Saa kumi jioni upepo ulilegea. Tukavuka polepole tukifuata ukingo. Tulifika kwenye gari giza likianza, Mzee akaendesha mpaka simu ikapata mtandao, akampigia mkewe kabla ya kitu kingine. Akasema, "Tumetoka. Watatu." Mtihani niliufanya siku iliyofuata nikiwa nasinzia, nikafaulu kwa shida.

Usidhani ni kwa sababu wana fedha

Najua mtakachosema. "Afisa, wale wana serikali tajiri." Ni kweli kwa sehemu. Lakini kwa siku tatu sikuona askari hata mmoja. Kilicholinda ziwa lile ni watu kujua hesabu zao, na wafanyabiashara wa Ely kujua kwamba ziwa likichafuka, duka linafungwa.

Wala usidhani walikubaliana kirahisi. Sheria ya mapori ilipitishwa mwaka 1964, lakini ugomvi wa injini uliendelea. Mwaka 1977, kwenye kikao cha hadhara Ely, watu wenye hasira waliunda sanamu ya mwandishi Sigurd Olson, mkazi wa mji huohuo aliyetetea pori, wakaitundika kama mtu aliyenyongwa. Mwaka 1978 ikapita sheria iliyobana injini zaidi, na wapo waliopoteza biashara. Mzee aliniambia kuna ndugu ambao mpaka leo hawasemezani. Na kabla ya hao wote wapo Waojibwe, wenyeji wa maziwa yale, ambao katika mkataba wa 1854 waliachia ardhi lakini wakashikilia haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya. Mpaka leo mwishoni mwa kiangazi cha huko wanaingia na mitumbwi kwenye mpunga wa porini wauitao manoomin, wanaupiga kwa fimbo nyepesi, punje nyingine zinaingia mtumbwini, nyingine zinarudi majini kuwa mbegu ya mwakani.

Kwa hiyo sheria ikija hapa kwetu na ikauma, msishangae. Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, najua wapo waliolala na njaa. Nisingependa kumwambia mtu kwamba haiumi. Nasema ni bora tuketi kwenye kikao cha BMU na kusema inauma wapi, kuliko kuvua usiku kwa kokoro na kujiibia wenyewe.

Ya kufanya mwaloni kwetu

Kwanza, hesabu watu na uandike. Kaunta buku moja linatosha. Tarehe, jina la mtumbwi, nahodha, idadi ya watu, wanakokwenda, saa ya kutarajiwa. Ukipanda bila kuandikwa, wewe hujulikani uko wapi.

Pili, jaketi okozi kwa kila kichwa, na liwe mwilini. Abiria, usipande kabla hujalivaa. Mfanyabiashara, nunua la kwako kama unavyonunua turubai la mzigo wako.

Tatu, mpe nahodha ruhusa ya kurudi. Akisema upepo ni mbaya, asicheke mtu, na nauli isubiri. Mwenye nyanya, tafuta mwenzako ng'ambo mpeane habari za hali ya ziwa kwa simu kabla ya kupakia. Nyanya ulizokwisha kupakia zinakushawishi kuvuka.

Nne, waache wachanga na wazazi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Wewe mnunuzi ndiye mwenye nguvu hapa, usipomnunua, hatavuliwa.

Tano, safisha unapohama. Nyavu, mtumbwi, hata trekta na majembe ya kukodi: toa majani, matope na mbegu kabla ya kuhamia ziwa, bwawa au shamba jingine. Na usihamishe vifaranga vya samaki kutoka bwawa hadi bwawa kabla ya kuniuliza mimi au afisa uvuvi.

Sita, uliloingia nalo utoke nalo. Chupa za maji, mifuko, betri za taa za dagaa.

Neno la mwisho

Niliporudi nilinunua kaunta buku, nikalikabidhi mwaloni. Miezi miwili ya kwanza liliandikwa vizuri, kisha likaanza kuruka siku, kisha likawa linaandikiwa madeni ya chai. Nilikasirika, nikakaa kimya. Mwaka jana mtumbwi mmoja haukufika kisiwani. Kwa bahati siku hiyo mama muuza uji alikuwa ameandika: watu saba, wanawake watatu, mtoto mmoja, wanategemewa saa nane mchana. Saa kumi walipopiga simu ng'ambo na kuambiwa hawajaonekana, mitumbwi miwili iliondoka kuwatafuta. Injini ilikuwa imezima na wamesukumwa kwenye kisiwa cha mawe, wamelowa, mtoto kalala kifuani kwa mama yake. Waliowafuata walihesabu mpaka saba ndipo wakageuza.

Tangu siku hiyo daftari linaandikwa, ingawa bado kuna siku linaruka, na juzi ilikuwa mojawapo. Alhamisi ya gulio nitakuwa mwaloni tangu saa kumi na mbili asubuhi na daftari jipya na kalamu mbili. Njoo tusalimiane, na ukipanda, taja jina lako.